Mfuko Uliokatwa Kitako

Dada yangu alikata kitako cha mfuko kwa makasi ya mama ya kukatia yunifomu, akakishona tena kwa uzi mmoja mrefu ambao ncha yake ilipita ndani ya mkono wa sweta yangu. Nikivuta uzi, mfuko unafunguka chini na kila kitu kinaanguka. Nilifanya mazoezi chumbani kwa viatu na vitabu vya fizikia. Mara ya tatu kiatu kilinipiga kidole cha mguu, nikakunja uso, na dada akapiga makofi.

"Hiyo sura! Ukiwa na hiyo sura barabarani, kazi yetu imeisha."

Dada yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, idara ya saikolojia. Hapa kwetu Malaba watu wengi wanadhani anasomea kutibu wendawazimu. Jirani mmoja aliwahi kumletea binamu yake anayeongea na kuku. Lakini mwaka huu alirudi likizo na kazi nyingine. Mwalimu wao, mama mmoja ambaye wote wanamwita Daktari, hangoji wanafunzi wamalize digrii ya kwanza ndipo awaingize kwenye utafiti. Wengine anawapa kuhesabu majibu kwenye kompyuta, wengine anawatuma nje. Dada na mwenzake wa darasa, kijana wa Nairobi, walitumwa kutafuta jibu la swali moja tu: mtu akiangusha mzigo njiani, wapita njia watamsaidia ama hawatamsaidia? Walitakiwa kulinganisha soko la kawaida la njiani na soko la mpakani, kwa hiyo wakachagua Bumala na Malaba. Baadaye Daktari angechagua wawili wa kufanya kazi naye mwaka wa nne. Dada aliitaka hiyo nafasi mpaka alikuwa anakula amesimama.

Wa kuangusha mzigo nilikuwa mimi.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu wewe hata ukipita, mtu hakuoni. Tunahitaji mtu asiyejulikana."

Haikuniuma, kwa sababu nami niliamini hivyo. Niko kidato cha tatu na sijawahi kuinua mkono darasani. Dukani huwa nangoja wengine wahudumiwe hadi mwenye duka afikirie nimekuja kujikinga jua. Vitu ninavyotaka kusema ninaviandika nyuma ya daftari la zamani la jiografia, nimeketi nyuma ya jiko.

Kulikuwa na fomu. Mimi nilitia sahihi, na mama akatia ya mzazi bila kusoma, akidhani nitabebea wasomi mafaili. Kisha dada akanipeleka kando. "Mama asijue tunafanya nini. Mama akijua saa nne, saa tano soko lote linajua, na data imeharibika. Apa." Nikaapa.

Jumatatu tulianza Bumala. Mzigo ulikuwa pakiti sita za sukari ambazo yule kijana alivuka akazinunua upande wa Uganda, kwa vile alitaka kuona kule kukoje. Nilivuta uzi mbele ya duka la mbegu. Sukari ikaanguka, nami nikasimama kama nilivyofundishwa: usiiname kwa sekunde ishirini, usimtazame mtu machoni. Hilo la macho halikuhitaji mafunzo. Sijafika tano, mzee mmoja alikuwa amechuchumaa, anapuliza vumbi kwenye pakiti na kunipa mojamoja kama vifaranga.

"Pole, mama. Huu mfuko wako ni wa kuchoma."

Mwanamke wa nyanya akaniletea gunia tupu. Mtu wa bodaboda akasema hata yeye suruali yake ilimfanyia hivyo hivyo kanisani. Tuliangusha mara nne na mara nne nikaokotewa zote. Ya mwisho tulihamia ng'ambo ya barabara, maana yule mzee wa kwanza aliniona tena na alikuwa anaenda kutafuta sindano anishonee.

Jumanne tukaja Malaba, kwetu.

Mahali palipochaguliwa ni pale akina mama wa avokado wanapoketi, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka, mbali na baraza ambapo mama yangu anashonea. Dada alijificha ndani ya kibanda cha kutuma pesa. Yule kijana alisimama ng'ambo ya barabara. Nataka mumwone vizuri: shati la samawati limechomekwa, viatu vyeusi vinang'aa kwenye lile vumbi letu, miwani ya jua, ubao wa kubania karatasi mkononi, na macho yake yote kwangu.

Nikavuta uzi.

Sukari ilianguka, halafu sukari ikaisha. Sijui niseme vipi. Mama mmoja wa avokado alirusha leso yake juu ya pakiti mbili na kuzikalia. Mwenye bodaboda alitia moja ndani ya jaketi na kuwasha pikipiki. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni aliinama kama anayemfunga mtoto vizuri, akainuka na mtoto mwenye nyonga ya sukari. Utingo wa lori aliisukuma moja kwa mguu, polepole kama mpira, mpaka chini ya tairi, akaingia huko kuifuata. Ya sita hata sikuona ilikopitia. Na yule mama wa avokado, bila kusogeza midomo, akaniambia, "Tembea, dada. Tembea, usiangalie nyuma."

Nikatembea.

Tulikutana nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga. Kijana wa Nairobi alikuwa ameshika simu yake kama imemuuma. "Sekunde kumi na moja. Pakiti sita, sekunde kumi na moja! Na hata hawakukimbia. Wamekaa tu!"

Kwenye fomu aliandika: waliosaidia, hakuna. Waliochukua, watano au zaidi.

Dada alikuwa ametazama chini. "Rudia," alisema. Mchana tukarudia na pakiti sita nyingine za Uganda, upande wa wauza mahindi. Ikawa vilevile, ila mara hii pakiti moja ilipasuka na mtu akafagia ile sukari kwa mguu hadi pasijulikane palikuwa na kitu.

"Ni kwetu," dada alisema, sauti imepungua, "lakini data ni data." Baadaye nikamsikia akipanga na mwenzake kichwa cha ile karatasi kubwa ya kubandika ukutani siku ya maonyesho ya idara. Kilikuwa na maneno *uaminifu* na *mpaka*, na Malaba ilikuwa upande mbaya wa hayo maneno.

Saa kumi nikampelekea mama chai barazani. Alikuwa anashona kola, mdomo umejaa pini. Pikipiki ikasimama na mwenyewe akatoa pakiti ya sukari kwenye jaketi.

"Mama fundi, hii ni ya mtoto. Mwambie apitie nyuma ya kisima, yule mtu wa ushuru bado amesimama pale na shati yake."

Mama alitoa pini mdomoni, moja, nyingine, nyingine. "Mtoto gani?"

"Si huyu? Huyu anaongea polepole."

"Huyu haongei kabisa."

"Ndio huyo."

Kisha akaja utingo na yake, ina alama ya tairi. Akaja mama wa avokado na zake mbili zilizobonyea. Wakafuata wa upande wa mahindi na zao, na mwishowe akaja yule mwenye mtoto na mbili. "Hii moja si ile yenyewe, mama fundi. Ile ilipasuka, nikaona nisiwaletee aibu, nimechukua nyingine dukani. Ni ya hapa Kenya lakini ni tamu." Kufikia saa kumi na mbili tulikuwa na pakiti kumi na mbili. Kumi na mbili ndizo nilizoangusha.

Hapo ndipo nilielewa. Mahali pengine, msichana akiangusha mzigo mbele ya watu, ni mfuko umepasuka. Kwetu, msichana akiangusha sukari ya Uganda huku mwanaume wa viatu vyeusi akimkazia macho na kuandika, huyo ameshikwa. Anayempenda hamwokotei, anamfichia.

Mama hakuelewa hivyo. Aliwangoja wote waondoke.

"Kidato cha tatu," alisema. "Kidato cha tatu, na tayari una njia nyuma ya kisima."

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka nimeapa. Nikaufunga. Mama anajua kusoma kimya changu kwa namna moja tu, kwamba nimekiri.

"Sikiza. Dada yako asijue. Ana utafiti wake. Akisikia mdogo wake anavusha magendo atachanganyikiwa, na yeye ndiye wa kutibu waliochanganyikiwa." Akazitia zile pakiti kwenye boksi la vipande vya vitambaa na kulifunika kwa sketi sita za shule ya msingi.

Basi nikawa na siri mbili. Ya dada nisimwambie mama, ya mama nisimwambie dada. Na hapa niseme ukweli, maana daftari linaujua: kiapo hakikuwa sababu pekee ya kunyamaza. Nilikuwa nafurahia. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunidhania naweza kufanya kitu kibaya. Mama alianza kunitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyegundua paka wake anaweza kuendesha baiskeli. Na chai yetu ilikuwa na sukari vijiko vitatu. Pia, mtanisamehe, ilinipendeza kumwona dada, mtaalamu wa watu, anapita kila jioni kando ya boksi lenye majibu yake yote na kujikwaa.

Jumatano tukaangusha mara mbili tena, sukari mpya. Jioni zikarudi zote kumi na mbili, na nikaandika kila moja: nani, saa ngapi, alisema nini. Mtu mmoja alileta yake ndani ya kofia. Mwingine alimwambia mama nikizidiwa nimwite, yeye ana stoo. Mama, akikata kitambaa bila kuinua macho, akaniuliza, "Na wakikushika utasema nini?"

"Sijui."

"Utasema ni ya mama yako. Mimi nina umri wa kugombana nao."

Hilo nililiandika pia. Usiku huo chai haikushuka vizuri. Karatasi zilitakiwa kutumwa idarani Ijumaa, na Malaba ingeandikwa mahali ambapo msichana anaporwa mchana kweupe kwa sekunde kumi na moja. Nikisema, utafiti wa dada umeanguka pamoja na nafasi yake. Nisiposema, hawa watu ni wezi ukutani milele. Nikaamua nitasema kesho. Nimewahi kuamua hivyo kuhusu mambo mengi.

Kesho yake Daktari akaja mwenyewe. Nilitarajia mtu mrefu. Alikuwa mama mfupi wa viatu vya raba na begi la mgongoni, anasoma fomu huku anatembea.

"Bumala wote wamesaidia. Malaba hakuna hata mmoja. Hata mmoja?" Akamtazama dada juu ya miwani. "Watu hawagawanyiki safi hivi. Nikiona data safi namna hii, naanza kuuliza ni nani amefagia."

Yule kijana akamkaribisha ndizi. Alikuwa na kishada kizima, na soda mbili.

"Umenunua?"

"Hapana, Daktari. Wananipa tu, kila siku. Jana nilipewa mahindi ya kuchoma na kuku nusu. Nimeandika kwenye maelezo: wenyeji ni wakarimu mno."

"Wanamwibia msichana, halafu wanakupa wewe kuku?"

"Ndiyo maana inavutia, Daktari."

Daktari alitazama kuku kwenye fomu, akatazama viatu. "Nionyesheni mara moja," akasema. "Mimi nitakuwa mpita njia."

Nikavuta uzi mara ya tano hapo Malaba, mbele ya mama wa avokado yule yule. Leso ikaruka. Zote sita safari hii, maana zilimwangukia miguuni. Akakaa.

Daktari akamsogelea. "Mama, habari yako. Nadhani umekalia sukari ya huyu msichana."

"Sukari gani?"

"Iliyo chini yako."

"Chini yangu kuna mimi."

Watu wakacheka. Mama wa avokado akamtazama Daktari kuanzia raba kupanda juu. "Na wewe? Uko na yule wa miwani?"

"Ndiyo, tuko pamoja."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote. Meza tatu zilianza kufungwa. Bodaboda mbili zikaondoka bila abiria. "Basi," mama akasema, akijipanga vizuri juu ya sukari yangu, "huyu mtoto mimi simjui." Na huyu ni mtu ambaye mama yangu amewashonea watoto wake wanne, ambaye hunipa avokado ya bure kila nikipita, akidhani sijui kwamba si zile mbovu.

Hapo dada akatoka kibandani, masikio yamewaka. Siku tatu za aibu zilikuwa zimemjaa. "Mama, rudisha sukari ya watu! Mbele ya wageni! Hata haya huna?"

Mama wa avokado alimjua dada tangu akiwa na tetekuwanga. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Niliona anavyoufunga, kwa sababu hiyo ni kazi ninayoijua. Angejitetea angenitaja. Akakaa na lile tusi kimya, juu ya sukari.

"Amenifichia," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia vizuri.

"AMENIFICHIA!"

Utingo mmoja aliangusha spana. Daktari akageuka. "Amekufichia nini, mama?"

Nikatoa daftari la jiografia ndani ya sweta na kumpa, lakini mwandiko wangu hausomeki na mtu, akanirudishia. "Soma wewe."

Nikasoma. Sauti ilikuwa inatetemeka kama redio ya betri inayokwisha, lakini nikasoma: saa kumi na dakika kumi, pakiti moja, mtu wa bodaboda. Saa kumi na nusu, pakiti moja yenye alama ya tairi. Mbili zilizobonyea. Moja badala ya iliyopasuka. Ishirini na nne zilianguka, ishirini na nne zilirudishwa kwa mama, kwenye boksi la vitambaa. Kila nilipomsoma mtu, alikohoa mahali alipo. Nilishika kasi, na ndiyo sababu sikuona ninachokielekea.

"'Wanadhani yule wa Nairobi ni mtu wa ushuru,'" nilisoma. "'Ndizi ni za kumlainisha. Hajui. Anatembea kama kwamba amekanyaga kitu na anangoja kufika nyumbani akiangalie.'"

Kelele iliyotoka kwa wale akina mama ilitisha punda. Kijana wa watu akavua miwani. Nilitaka kuishia hapo, lakini Daktari alisema, "Endelea," na mimi nikiambiwa jambo na mwalimu huwa nalifanya.

"'Dada anasomea watu. Lakini hajui hata kwa nini chai ya wiki hii ni tamu.'"

Dada aliketi juu ya kreti tupu, akajifunika uso kwa fomu. Mabega yalitikisika, na nilidhani nimemliza mpaka akatoa fomu na nikaona anacheka na machozi yanatoka, vyote viwili.

Daktari alichuchumaa mbele ya mama wa avokado na kumweleza yote: chuo, swali, uzi kwenye sweta.

"Kwa hivyo mlikuwa mnatupima kama sisi ni wezi."

"Kama mnasaidia."

"Bila kutuuliza."

"Bila kuwauliza. Na tukapima vibaya. Nisamehe, mama."

Mama wa avokado akainuka. Akakung'uta leso, akanipa sukari yangu, zote sita, zina joto. Kisha akashika beseni lake la avokado, akalibeba hadi katikati ya njia, na kulipindua. Zikatawanyika mpaka kwenye matairi. Akakunja mikono.

"Haya. Na mimi niwapime."

Daktari alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Dada wa pili. Kijana wa Nairobi akaingia chini ya lori na viatu vyake vyote, na soko zima likasimama kuwatazama, bila hata mmoja kuinama, wanahesabu sekunde kwa sauti. Mama wa avokado aliuazima ubao wa kijana na kuushika kichwa chini.

"Huyo wa chini ya lori ana tatu," alisema. "Sasa nitajuaje kama anasaidia ama anaiba?"

"Hiyo," Daktari alimwambia dada akiwa bado chini, mikono imejaa, "ndiyo unaanza nayo kuandika. Na kosa lenu liwe ukurasa wa kwanza."

Hakutumwa kitu Ijumaa. Daktari aliwapa wiki mbili zaidi, na waliwahoji watu kwa majina, wakiwa wameketi, wakiwa wameomba. Dada amepata ile nafasi. Kijana pia, kwa sharti anunue raba.

Mama nilimweleza siku ile ile, mimi mwenyewe, kwa mdomo. Alisikiliza hadi mwisho, uzi wa cherehani mkononi.

"Kwa hivyo wewe si mtu wa magendo."

"Hapana, mama."

Akatazama boksi la vitambaa, akanitazama mimi. "Hata kidogo?"